Usichomoe

Gari la kwenda Bukundi lilikuwa linaunguruma nje likisubiri mitihani, na printa imegoma tena. Harieth, mtu wa kompyuta katika ofisi ya elimu ya Bariadi, alijua wa kumlaumu. Radi ikisikika tu, Mzee Masalu, mkuu wa ofisi, huchomoa kila kitu ukutani, kama wafanyavyo watu wote huku. Na kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote na printa, kikizimwa, hurudi na anwani mpya kwenye mtandao, huku kompyuta zikituma kazi kwenye anwani ya zamani.

"Mzee, samahani, lakini hiki usikiguse tena!" alifoka, akabandika karatasi juu yake: USICHOMOE.

Mzee Masalu aliitazama karatasi. "Sawa, mwanangu."

Harieth akaketi, jasho likimtoka, akakipa kisanduku anwani ya kudumu na kuielekeza kila kompyuta huko. Akakizima, akakiwasha, akajaribu. Printa ikaanza kutema karatasi. Sasa hata kingezimwa kila siku, hakuna ambacho kingeharibika. Gari likaondoka na mitihani, naye akaenda kula, roho kwatu.

Mvua ilimkuta mgahawani. Radi ikapiga hadi vikombe vikatetemeka. Alirudi mbio, akapokelewa na harufu ya plastiki iliyoungua. Nyaya zote zilikuwa zimechomolewa, zimelala sakafuni, isipokuwa mmoja.

"Nilishaushika," Mzee Masalu alisema polepole. "Nikasoma karatasi yako, nikauacha."