Kidole cha Fundi Pindo

Je, umewahi kumwona mtu akinyoosha kidole mwezi mzima, na wenye macho yao wasione anachoonyesha?

Fundi cherehani mmoja, watu walimwita Pindo kwa jinsi mapindo yake ya suruali yalivyonyooka, alipigwa na kiharusi asubuhi akitunga uzi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakazama. Kikabaki kidole cha kushoto, na kila chakula kilipoletwa, kidole kilielekea kwenye kigoda cha kushonea.

"Anataka kushona," akasema mkewe. Wakamketisha pale, machozi yakamtoka. Wakamrudisha kitandani. Mke alitamani jambo moja tu: kujua mumewe anataka nini.

Naye aliogopa mumewe asije akapaliwa. Kila alichopika alikichuja kwa kitambaa cha bitana, mara mbili, kikatoka kama wanga wa kupigia pasi. Yeye mwenyewe akala jikoni, wima, akikwangua sufuria. Tumbo la Pindo likakaza kama ngoma, siku tano hajapata choo. Mchana kutwa akaelea baina ya usingizi na macho, akitazama vumbi la nyuzi likicheza kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu aliye chini ya maji.

Nesi wa hospitali akaja kumtazama mgonjwa, akachungulia bakuli.

"Mama, hiki chakula au kivuli chake?"

"Si mlisema laini, mwanangu?"

"Laini, siyo tupu! Kichwa kikipigwa, tumbo nalo hupata habari. Hao wawili huongea kutwa. Mle tumboni mna vijidudu wema, na chakula chao ndizo hizo nyuzinyuzi unazomwaga."

"Masikini! Kumbe nimenenepesha jalala."

Nesi akampima kumeza, akaridhika. Yakaja papai la kuponda, maharage yaliyosagwa na maganda yake, maziwa ya mgando, maji ya kutosha. Siku ya nne tumbo likanguruma, mke akacheka peke yake kama mwali. Ukungu ukapungua machoni. Kwamba ulimi nao ungerudi, nesi hakuapa.

Adhuhuri moja kidole kikaenda tena kwenye kigoda.

"Ushone, mume wangu?"

Akatikisa kichwa kukataa. Midomo ikahangaika, kama inayotafuta tundu la sindano gizani. Mke akashusha bakuli, akangoja.

"Kaa," Pindo akasema. "Tule... wote."