Seredani Chini ya Kitanda

...na uji huu nao mbona una ladha ya ajabu, au ni ulimi wangu, la, ulimi wangu mzima, ni mkono wa aliyeupika, Shaima, wifi yangu, dadake mume wangu Farid, aliyekaa miaka tisa kwa mumewe Limuru asijaliwe mtoto, akarudi hapa Malindi na sanduku moja na hita ya umeme, sasa ajifanya kunihurumia mimi mwenye mwana wa siku kumi na tisa, huruma ya wapi... kichwa hiki chanigonga tena, kila alasiri, na leo hata miguu si yangu, na Zayd amelala tu hapa ubavuni, tangu adhuhuri hajalilia ziwa, mtoto mpole, asema mavyaa, mpole gani, juzi si alikuwa akituziba masikio kwa kilio... "Wifi, umemaliza uji?" ndiye huyo, yuko nje ya mlango, tangu juzi nimemkataza kuingia, nasema nimemaliza, mwongo mimi, nusu nimeimwaga kwenye beseni, "Na dirisha je, limefungwa? Moto bado umo?" Moto wakuhusu nini wewe, moto ni wa mamako, Bi Raiya, kautia makaa kwa mkono wake, kaisukuma seredani chini ya kitanda, mzazi aote joto, mwili ukaze, kisha kasokota kanga kaziba chini ya mlango, baridi ya kusi isinipenye, ndivyo alivyolelewa yeye arobaini zake zote saba, na huyu kila akiingia mbio dirishani kufungua, ataka nipigwe na upepo nife amlee mwanangu, haya, si ndiyo hiyo?

Na ile hita yake! Kaileta siku ya tatu, ati wifi tumia hii, toa makaa, waya uchomeke ukutani penyewe usiunganishe na waya mwingine, iweke hatua tatu mbali na chandarua, ukisinzia zima... nikajiambia lo, hatua tatu, kajuaje kwamba chandarua kitashika moto, mtu huonya jambo alilokwisha kulipanga, nikaisukuma kwa mguu nyuma ya kabati. Akaanza tena, jirani zao Limuru, Thuku na mkewe, walilala na jiko ndani, asubuhi mlango ukavunjwa... nikamwambia koma, usinitajie maiti mbele ya mtoto, hasidi mkubwa we... lakini jana uji sikuugusa, nilimmwagia paka, akaramba akaenda zake barazani mzima wa afya, na kichwa kiliniuma vile vile. Hebu ngoja. Kiliniuma vile vile. Na nikitolewa uani kuoshwa chanyamaza, nikirudi ndani chaanza, na mavyaa naye, jana akinikanda, si alitoka ameshika ukuta, ati presha, na yeye uji wangu haunywi. Yeye, mimi na Zayd, tunacholishwa si kimoja, tunachovuta puani ndicho kimoja, hewa ya makaa haya... yarabi, arobaini zake alikaa nyumba ya makuti, upepo waingia juu na chini, hata uzibe vipi, hii ya Farid ni ya mawe, juu zege, madirisha vioo vitupu, kanga ile mlangoni imeziba kila kitu. Anitakiaye mabaya angefungua dirisha? Angeacha lifungwe, angekaa kimya tu jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwita mchawi moyoni, mimi, na mwanangu...

Zayd. Zayd, amka baba. Namtikisa, mdomo wafunguka kidogo kama ataka kulia, halafu wafungika, shavu lake jekundu mno, nashusha mguu hauendi, chumba chazunguka, na nje namsikia mavyaa, "Shaima, ondoka mlangoni hapo, utamtia mwenzio upepo," naye ajibu, "Naam mama," nyayo zake zaanza kwenda, usiende, usiende dadangu, naita, sauti yatoka nyembamba.

"Wifi!"

"Labeka?"

"Ingia. Mchukue mtoto umtoe nje, usiningoje mimi."