Printa ya Chini, Barua ya Juu

Bi Swichi hakuwa mtu wa kushindwa na waya. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya swichibodi ya hospitali, visikizio kichwani, akiunganisha daktari na wodi, wodi na stoo ya dawa, mume aliye safarini na mke aliyejifungua. Jina hilo alipewa na wenzake wa zamu siku alipohudumia simu kumi na nne peke yake huku mwenzake ametoka kwenda kula na kusahau kurudi. Alistaafu nalo. Hata mwanawe wa pekee, fundi wa mitambo katika kiwanda kilicho safari ya siku nzima kutoka hapo, akitaka kumchokoza humwita hivyo hivyo.

Sasa, saa saba na nusu mchana, alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta yake, miwani puani, akiikazia macho printa. Printa ilijitia hamnazo. Juu ghorofani mkwe wake alikuwa na barua kwenye laptopu, na barua hiyo ilitakiwa ifike ofisi ya elimu kabla ya saa kumi, imechapwa na kutiwa sahihi. Ikipita leo, maombi hayapokelewi tena mpaka mwakani.

Bi Swichi aliijua barua ni ya nini, maana mkwe wake hakuwa mtu wa kuficha mambo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa anaomba uhamisho akafundishe kule aliko mumewe. Miaka mitatu ya ndoa, na mume anamwona siku kumi kila baada ya miezi minne. Hata mkaidi angekubali kwamba hayo si maisha. Bi Swichi alikubali. Siku alipoambiwa alisema, "Ni sawa, mwanangu," akaenda jikoni akaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Kwa miaka mitatu hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili, na barua ikikubaliwa itabaki na mmoja.

Zamani printa ilikuwa inaitika kutoka juu bila matata. Matata yalianza mwezi uliopita, mwana alipokuja likizo, akaikuta kompyuta ya mama yake imejaa virusi, akaifuta yote na kuipanga upya, kisha akaondoka na basi la alfajiri kabla hajajaribu kama laptopu ya juu bado inaiona kompyuta ya chini. Mafundi ndivyo walivyo, wanafungua kwa mbwembwe na kufunga kwa haraka. Laptopu ya mkwe nayo tundu zake za waya zote zilikuwa zimekufa, kwa hiyo habari ya kuchomeka flashi haikuwepo. Siku tatu mkwe alikuwa akisema kwa upole, "Mama, hebu niangalizie ile printa," na siku tatu Bi Swichi alikuwa na hiki na kile cha kufanya. Leo visingizio vilikuwa vimemwishia.

"Mwalimu!" aliita kuelekea ngazini. "Uko tayari?"

"Niko tayari, mama."

"Usibonyeze kitu mpaka nikwambie. Tunakwenda hatua kwa hatua."

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna kijana na cheti chake ambaye angemtoa kwenye utaratibu huo. Simu ikigoma, huanzi katikati. Unaanzia upande ulio karibu na mkono wako, unahakikisha uko hai, ndipo unasogea hatua moja. Wanaogonga kila kitu kwa pamoja, kitu kikipona hawajui kilichokiponya, na kesho kikiugua tena wanabaki kutoa macho.

Akaanza na printa yenyewe. Aliiagiza kutoka kompyuta yake mwenyewe ichape ukurasa wa majaribio, nayo ikakohoa ikautoa, maandishi meusi safi, bila mstari. Hiyo moja imekwisha. Akainuka kwenda kuitazama ruta juu ya kabati. Taa zake zote zilikuwa za kijani. Akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, maana alikwisha kusimama hata hivyo.

"Huko juu uko kwenye mtandao gani?" aliuliza.

"Wa nyumbani."

"Nisomee jina lake."

"Aa! Mama, nisamehe. Kumbe niko kwenye intaneti ya simu yangu."

"Ehe! Umepiga hodi nyumba ya jirani, halafu unalalamika mimi siitiki."

Mkwe alicheka. Alikuwa na kicheko cha kujimwaga, kikianza hakijui kuacha, kikashuka ngazi zote mpaka sebuleni. Bi Swichi naye akacheka, kisha ghafla akaumia moyoni. Hicho ndicho atakachokikosa. Si msaada wa kubeba maji wala wa kusomewa maandishi madogo ya dawa. Ni hicho kicheko.

Akarudi kwenye kiti. Mkwe alipokwisha kuhamia mtandao wa nyumba, bado kompyuta ya chini haikuonekana. Bi Swichi akaingia kwenye mipangilio, akasoma polepole, kidole kikifuata maneno kwenye kioo, mpaka akakutana na kosa la pili. Baada ya kupangwa upya, kompyuta yake ilikuwa imejiandikisha kwamba iko kwenye mtandao wa umma, kana kwamba imewekwa kwenye stendi ya mabasi, na kwa sababu hiyo ilikuwa imejificha. Akaiambia iko nyumbani. Akawasha na ile sehemu ya kushirikisha mafaili na printa, iliyokuwa imezimwa.

Kisha akafanya jambo alilolipenda kuliko yote. Kila kompyuta ina namba yake, nayo huitwa kwa namba ile, kama simu za wodini. Akamsomea mkwe namba ya kompyuta ya chini, tarakimu moja moja, kwa ile sauti yake ya kazini ambayo haikuwa imezeeka hata kidogo.

"Iite, uniambie."

"Inajibu, mama! Mara nne imejibu!"

"Basi njia iko wazi. Sasa itafute printa, halafu bonyeza."

Printa haikutingishika.

"Inataka jina na neno la siri," mkwe alisema.

"Jina ni langu. Neno la siri sina."

"Nimeacha patupu. Imekataa."

"Isome inavyosema."

"Inasema, akaunti isiyo na neno la siri hairuhusiwi kutumiwa kutoka kompyuta nyingine."

Bi Swichi aliegemea kiti. Mwanawe alitaka kumwekea neno la siri, na yeye ndiye aliyemkatalia, tena kwa ukali. Nyumba hii tangu aolewe haikuwa na mlango wa ndani wenye kufuli. Funguo za vyumba alizitupa mwenyewe wiki ya kwanza, akasema watu wa nyumba moja hawafungiani. Mkwe alipokuja alilikuta hilo, akalizoea. Na kompyuta nayo ikaachwa wazi, yeyote aketi atumie. Kumbe mashine ilikuwa na mawazo yake. Kwake, kisicho na kufuli ni cha aliyekaa mbele yake tu, na wa mbali haaminiki. Alikuwa ameiacha wazi ili watu waingie, na ndiyo sababu hawakuweza kuingia.

Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Alikuwa amekwisha kulijua tatizo, na dawa yake. Aandike neno la siri, mkwe aliandike huko juu, kazi imekwisha. Dakika mbili. Mkono ulikuwa juu ya kipanya na haukwenda.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika arobaini. Ni yeye tu aliyejua kwamba dawa imepatikana. Angeweza kusema, "Mwanangu, imeshindikana," kwa sauti ile ile ya kazini, na hakuna ambaye angemtilia shaka. Saa kumi ingefika. Mwaka mzima ungekuwa wao.

Aliwahi kulifanya hilo. Hajawahi kumwambia mtu. Mdogo wake wa kike alikuwa muuguzi pale pale hospitalini, na mchumba wake, mtu wa mji wa mbali, alimpigia kila Jumamosi saa nne asubuhi. Simu ilipita mikononi mwa dada mtu. Maneno ya kumchukua binti yalipoanza, Bi Swichi alimwambia yule mwanamume kwamba muuguzi hayuko zamu, akachomoa waya, akamwambia mdogo wake kwamba laini imekatika. Akafanya hivyo Jumamosi mbili. Ya tatu simu haikupigwa. Mdogo wake alisimama kando ya ile simu ya wodi saa nzima, na sare yake nyeupe, akisema, "Labda kuna foleni." Baadaye aliolewa kwingine, akazaa, hana alichopungukiwa. Lakini Bi Swichi anajua alichofanya. Alimpenda mdogo wake, na kwa mapenzi hayo alimwibia.

"Mama?" sauti ilitoka juu, ndogo. "Umefika wapi?"

"Subiri kidogo," alisema. "Nimeliona."

Akaandika neno la siri, akalirudia kama alivyoagizwa, akabonyeza kukubali. Halafu akashika ukuta, akapanda ngazi moja moja, goti la kushoto likimlaani, maana neno la siri halipigiwi kelele, hata kama nyumbani mna watu wawili tu. Mkwe alimkuta mlangoni anahema.

"Mama! Si ungeniita mimi nishuke?"

"Nyamaza. Lete sikio."

Akamnong'oneza. Mkwe akaandika. Duara dogo likazunguka kwenye kioo, likazunguka, likaacha. Na kule chini, waliisikia wote wawili, printa ikakohoa.

Walishuka pamoja, mmoja kamshika mwenzake kiwiko, na karatasi ilikuwa pale, imelala kifudifudi, bado ina joto. Bi Swichi aliichukua bila kuigeuza. Opereta hasikilizi simu za watu. Alikuwa anaupeleka mkono kwa mkwe wake pale macho yake yalipopita dirishani, yakavuka barabara, yakatua kwenye duka la fotokopi lenye kibao cha njano, mlango wazi, kijana kakaa bila mteja.

Mkono ukarudi.

"Mwalimu," alisema taratibu. "Lile duka linachapa barua. Unaituma kwa simu yako, unavuka barabara, unaikuta iko tayari. Siku tatu unaningoja mimi ya nini?"

Mkwe alitazama chini.

"Hukulifikiria?"

"Nililifikiria siku ya kwanza, mama."

"Sasa?"

"Nilitaka itoke kwako." Alisema polepole, kama aliyelikariri kwa muda. "Nilimwambia mwanao: nitampa mama kazi hii. Ikitoka kwa mkono wake, nitaipeleka. Akisema imeshindikana, sitauliza mara ya pili. Nitabaki, nawe mume wangu utavumilia. Akakubali."

Bi Swichi akajishusha kwenye kiti.

"Kumbe ningesema neno moja tu."

"Moja tu."

"Nilikaribia kulisema, mwanangu. Wallahi nilikaribia."

"Najua. Ulipokaa kimya, nilikuja nikasimama juu ya ngazi. Nikasema moyoni, basi, tunabaki. Na sikukasirika. Nataka ulijue hilo, mama, sikukasirika."

Bi Swichi alihisi machozi yanakuja, akayaacha yaje, hakuwa na zamu wala msimamizi wa kumficha.

"Sitaki uende," alisema. "Sikiliza nikwambie waziwazi, maana nimezoea kuwaunganisha watu na mimi mwenyewe nisiseme kitu. Sitaki uende hata kidogo. Nyumba hii bila wewe sijui nitaikaaje. Na mumeo ana haki ya kumwona mke wake kila jioni, na wewe una haki ya kuwa na nyumba yako. Vyote viwili ni kweli, sina la kufanya. Ila nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla hujatia sahihi."

Mkwe alipiga magoti kando ya kiti, akakiweka kichwa mapajani mwa mama mkwe wake, na Bi Swichi akamshika kisogo, kama alivyomshika mwanawe alipokuwa mdogo na homa. Wakakaa hivyo. Nje pikipiki ilipita, mtu akamwita mtu.

Ni Bi Swichi aliyeitazama saa.

"Inuka," alisema. "Saa tisa na robo. Kalamu iko wapi?"

Ilikuwa pale pale, kando ya kibodi. Mkwe akaegemea meza, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na Bi Swichi akaishika karatasi kwa mikono yote miwili isiteleze wakati mwalimu anatia sahihi.