Mashua Iliyofungwa Kama Ng'ombe

Redio ilisema kuna kimbunga baharini na mkia wake utafika hata huku bara. Niliangalia bwawa la Kamburu. Maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa, na ndege wote wameondoka. Hapo nikaamini.

Mashua yangu ndiyo chakula changu. Marehemu mume wangu Mithika aliiunda mwenyewe, akaitia mlingoti na tanga la turubai. Tangu Mungu amchukue, mimi ndiye huvusha watu kwenda soko na kanisa. Ikipotea hiyo, nitarudi kulima mashamba ya watu.

Wifi yangu Makandi alikuwa amenitembelea kutoka Muthara. Tulikunja tanga, tukaliweka chini ya kitanda pamoja na makasia. Mlingoti ulikataa kutoka, mbao zilikuwa zimevimba. Kuivuta mashua nchi kavu, wanawake wawili, hatukuweza. Basi Makandi akafanya vile wanajua kwao mlimani: akaifunga kwa kamba fupi kwenye kisiki cha mgunga kilicho ndani ya maji, kama ng'ombe, halafu tukaijaza mawe, kama yale huwekwa juu ya mabati yasing'olewe.

Nyamu, jirani yangu mvuvi, alipita akanicheka. "Mama Wambeti, hiyo ni mashua ama ni ng'ombe wa kukamuliwa?"

"Wewe cheka tu," Makandi akamjibu. "Ng'ombe wetu hatoroki."

"Hatatoroka, lakini maji yakipanda atakunywa mpaka ashibe! Mpe kamba ndefu aelee. Mimi yangu nimeipa ndefu."

Nikaona anasema ukweli. Nikaingia majini kufungua fundo, na upepo ukafika.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mvua haikuanguka chini, ilikimbia upande. Na maji yalisimama. Yalisimama, nawaambia, kama watu kanisani Injili ikisomwa. Makandi alinivuta kwa leso.

"Toka, wifi! Mashua si mtu!"

Tukatoka, tukashikilia mwamba ukingoni. Maji yakapanda, kamba ikakaza, mashua ikainamisha kichwa. Kisha ikazama polepole, kama mtu anayepiga magoti. Ikabaki ncha ya mlingoti tu.

"Nimekumaliza, wifi," Makandi akalia.

Nilitaka kumuuliza Mungu, na hii pia? Lakini mbele ya nguvu ile niliogopa hata kuuliza.

Hapo ndipo tuliona mashua ya Nyamu. Kamba ndefu iliipa nafasi ya kukimbia, na mawimbi yakaibeba, yakaipiga kwenye mawe, yakairudia, mpaka ikawa kuni. Mwenyewe alisimama mikono kichwani.

Maji yalipopungua tuliingia sisi watatu, tukatoa mawe. Nyamu alipitisha mkono kwenye kila ubao akitafuta ufa. Hakupata.

"Ililala chini, mawimbi yakapita juu yake," alisema. Hakucheka tena.

"Mimi nilifunga ng'ombe tu," Makandi akanong'ona.

Nikamwambia Nyamu tutavua na kuvusha pamoja kwa hii moja, mpaka apate yake. Kisha nikachukua sufuria, nikaanza kuchota maji yaliyobaki ndani ya mashua. Kila sufuria niliirudisha bwawani polepole, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.