Makomeo ya Orcutt

Denise Wojtas aliomba mwenyewe apelekwe Orcutt. Ofisi ya jeshi inayokagua silaha kabla hazijapokelewa ilikuwa na viwanda vinane vya kumpangia, vingine karibu zaidi na kwake, lakini mkaguzi wa Orcutt alipostaafu Denise aliandika barua siku hiyo hiyo. Kwenye fomu alikiri kwamba aliwahi kufanya kazi pale zamani. Pale walipouliza kama ana ugomvi wowote na kiwanda, alijaza: Hapana.

Ugomvi ulikuwepo, na ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Enzi hizo Orcutt ilitengeneza bunduki za raia bila kupumzika. Kila uchaguzi ulipokaribia watu walitiana hofu kwamba serikali itazipiga marufuku, wakajazana madukani kama watu wanaowahi mikate kabla ya theluji. Denise alikuwa mkaguzi wa makomeo, vile vyuma vinavyofunga nyuma ya risasi ili mlipuko usimrudie mpigaji. Wiki moja ya Machi aliona nyufa nyembamba kama unywele, akayabandika makomeo mia mbili vibandiko vyekundu. Garrett Haverty, msimamizi wa uzalishaji, alikuja na kikwangulio akavibandua kimoja kimoja mbele ya macho yake.

"Watu wanasubiri bunduki zao, Denise. Wewe unaniletea habari za nyufa za kuonwa kwa darubini."

"Zitampasukia mtu usoni."

"Basi huyo mtu atatuandikia barua."

Mtu mwenyewe alikuwa Caz, mdogo wake Denise, aliyenunua yake kwa bei ya ndugu wa mfanyakazi. Ilimpasukia kwenye uwanja wa shabaha, Jumamosi asubuhi, ikaondoka na jicho la kulia na vidole vitatu. Caz alikuwa mpiga akodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua. Hapakuwa na harusi ya Wapolandi wenzao katika bonde lile iliyochezwa bila yeye. Kampuni ilisema alitumia risasi za kujitengenezea nyumbani. Denise alipotaja vibandiko, Haverty alisema hakuwahi kuviona, na kama vilikuwepo basi Denise alivibandika mwenyewe baada ya ajali ili kumtetea ndugu yake. Wakamfukuza kwa kosa la kughushi. Askari wawili walimshika viwiko wakampitisha katikati ya ukumbi, mashine zimezimwa makusudi, wenzake mia nne wakimtazama.

Sasa soko la raia lilikuwa limekufa. Kila aliyetaka bunduki alikuwa nayo, wengine tano tano, na wenye maduka walikuwa hawapokei tena simu za Orcutt. Mwezi wa tisa kampuni ikatangaza kwamba bunduki za raia basi, kuanzia sasa ni za jeshi tu. Ilikuwa imepata oda moja kubwa, bunduki elfu kumi na mbili, na hakuna hata moja ambayo ingetoka getini bila muhuri wa mkaguzi wa jeshi.

Haverty, ambaye sasa ni mkurugenzi mkuu, alishuka mwenyewe kumpokea.

"Karibu sana. Nimeambiwa Bi Wojtas anakuja, nikajiuliza kama…"

"Ni mimi."

"Kumbe." Alijaribu kucheka. "Unapendeza, Denise. Yale ya zamani tumeshayafukia, si ndiyo?"

"Niite Bi Wojtas. Chumba changu ni kipi?"

Habari zilizunguka ukumbi mzima kabla ya chakula cha mchana. Bev Rondeau, ambaye zamani walikuwa wakifanya kazi meza moja, alimfuata na chupa yake ya supu, akakaa bila kukaribishwa.

"Shoga, umekuja kutumaliza?"

"Nimekuja kukagua."

"Acha hizo. Nimekuona unavyomwangalia. Mtu hakagui kwa macho yale." Bev alimimina supu, hakuinywa. "Mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Ukitaka kumkaba, mkabe yeye. Usitukabe wote."

"Siku ile wananitoa hapa, ulisema nini, Bev?"

Bev aliinamisha kichwa. "Sikusema kitu. Nani alisema?"

Wiki tatu Denise alipima, akagonga, akamulika, na hakupata kitu. Bunduki zilikuwa nzuri. Mitutu ilinyooka, chemchemi zilirudi sawasawa, watu wa Orcutt walijua kazi yao na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndilo lililomchoma.

"Umempata?" Caz aliuliza kwenye simu kila Jumapili.

"Bado. Kazi ni safi."

"Ichafue basi. Una kalamu, una muhuri. Yeye aliomba ruhusa kwa nani?"

Siku moja alijaribu. Alichukua komeo lisilo na kasoro yoyote, akaandika kwenye karatasi *limekataliwa*, akaitazama karatasi ile. Kisha akaichana vipande vipande. Haverty alimwangusha kwa uongo. Denise alitaka naye aanguke, lakini aanguke kwa jambo alilolitenda kweli, asipate hata unyoya wa kushika.

Jumatatu ya wiki ya nne kreti la makomeo mia sita lilifika chumbani kwake. Aliokota la kwanza, akapitisha kidole gumba pale penye namba. Palikuwa pamebonyea kidogo. Namba ya zamani ilikuwa imesagwa na mpya imegongwa juu yake. Alilipaka ile dawa ya kutafutia nyufa, akazima taa, akawasha ya zambarau. Ufa uling'aa kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Alichukua la pili, la tano, la arobaini. Katika kila kumi, matatu yalikuwa na ufa.

Alikwenda stoo kwa kisingizio cha kutafuta ngazi. Rafu za nyuma, yalikokuwa yakikaa makomeo yaliyobaki ya bunduki za raia zisizotengenezwa tena, zilikuwa tupu. Vumbi lilikuwa limeacha alama za maboksi.

Alirudi, akajifungia, akakaa. Sheria ilikuwa wazi: akiona kasoro, akatae papo hapo. Lakini alijua yatakayofuata kama anayaona. Haverty angeshangaa mbele ya watu, angemfukuza karani wa stoo, angeleta makomeo mapya baada ya wiki moja, na angempa Denise mkono kwa kazi nzuri. Hapana. Mkono wa Haverty ulitakiwa uwe juu ya jambo hili, kwa wino.

Alilifunga kreti kwa lakiri yake na hakumwambia mtu.

Siku iliyofuata alipanda ofisini kwa mkurugenzi.

"Kanali Tillery anakuja Alhamisi ya wiki ijayo kupokea shehena ya kwanza," alisema. "Kuna cheti cha kuthibitisha kwamba kila kipande ni kipya na kimetengenezwa kwa ajili ya oda hii. Karani anaweza kusaini. Ila ningependa usaini wewe."

Haverty alimtazama juu ya miwani. "Makomeo ya jana umeyaonaje?"

"Nimeyaangalia yote."

Alimsubiri aendelee. Denise hakuendelea. Haverty akayasikia aliyotaka kuyasikia, mabega yakamshuka, akavuta kalamu.

"Unaona?" alisema huku akisaini. "Tungeweza kuelewana tangu siku zile. Ulikuwa mkaidi tu."

"Weka na tarehe," alisema Denise.

Alhamisi walikuwa watu sita katika chumba cha ukaguzi. Kanali Tillery, mwanamke mfupi asiyependa hotuba, aliuliza kama kila kitu ki tayari. Denise alikata lakiri, akapanga makomeo kumi mezani, akayapaka dawa, akazima taa. Kisha akawasha ya zambarau.

Nyufa zililala pale mezani kijani kibichi, na karibu nazo namba za zamani zilikuwa zikichungulia chini ya zile mpya.

Denise alisoma cheti kwa sauti, neno kwa neno, hadi kwenye jina.

"Ni stoo," alisema Haverty gizani. "Mtu wa stoo amechanganya."

"Hapa umeandika umehakikisha mwenyewe," alisema Kanali.

"Yeye ndiye aliyeniambia yako sawa!"

"Nilisema nimeyaangalia."

"Ulijua!" Sauti ilimpanda kama ya mtoto. "Kanali, huyu alijua! Muulize alijua tangu lini!"

Kanali aliwasha taa. "Tangu lini, Bi Wojtas?"

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilitaka kujua kama na yeye anajua."

Haverty alimfuata kwenye korido, tai imepinda, amemshika mkono wa koti. "Unataka nini? Sema. Nimwombe radhi Caz? Nitakwenda kwake leo, nitapiga magoti."

"Kumbe jina lake unalijua," alisema Denise, akauondoa mkono wa Haverty kwenye koti lake taratibu.

Jeshi lilifuta oda. Orcutt ilikuwa imewaaga raia, kwa hiyo haikuwa na mteja mwingine duniani. Februari mashine zilizimwa, na mwezi wa nne zikauzwa. Denise naye hakusalimika. Wakili wa Haverty aliifukua ile fomu na ile Hapana yake, na Denise akaacha kazi kabla hawajamfukuza. Siku hizi anakagua lifti za majengo.

Bev alikuja kwake mara moja tu. Hakutaka kuingia, alisimama kwenye ngazi za mlangoni.

"Ungeyakataa siku ile ile uliyoyaona, tungetengeneza mengine. Wiki moja, Denise! Tungekuwa kazini mpaka leo."

"Angeponyoka."

"Si aponyoke! Angeponyoka, na mimi ningelala kwangu. Sasa nalala kwenye sebule ya mkwe wangu."

Bev akageuka, akashuka ngazi bila kuaga.

Haverty alipewa miaka minne. Siku ya hukumu Denise na Caz walikaa safu ya mbele. Hakimu aliposoma, Haverty alishika meza kwa mikono yote miwili, na mke wake akaanza kulia kwa sauti. Caz alimgeuzia dada yake jicho lake moja na kuachia tabasamu ambalo Denise hakuwa ameliona tangu enzi za harusi.

Nje, ndani ya gari, Caz alimtaka amweleze tena mambo ya chumba cha taa ya zambarau. Alimweleza. Akataka tena: uso wa Haverty ulikuwaje taa ilipowashwa, midomo ilichezaje. Alimweleza tena, akiiga sauti, na wote wawili walicheka hadi madirisha yakaingia ukungu.

"Umefurahi?" aliuliza Caz mwishowe.

"Nimefurahi."

Ilikuwa kweli. Na lipo jambo ambalo hakumwambia Caz, wala Bev pale ngazini. Jumatatu ile, kabla hajalitia kreti lakiri, aliwakumbuka watu wote mia nne, Bev wa kwanza, na miaka yake mitatu. Aliwakumbuka vizuri. Kisha akafunga.