Kizingiti cha Mama Mkwe

Fundi alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa chumba cha mama mkwe wake, mbao mkononi, akili imemruka. Korido na sebule vilikwisha kutandikwa mbao, safi kabisa. Kilichobaki ni chumba hicho kimoja, na chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya mstari alioanzia.

Kila mbao ina ulimi ubavu mmoja na mfereji ubavu wa pili. Unapigilia msumari penye ulimi wa hii, kisha mfereji wa ile unakuja kuufunika, na kazi inakwenda mbele. Mpanda ngazi hushuka, lakini mpiga sakafu harudi nyuma kirahisi hivyo. Akiiweka mbao kama kawaida, ulimi unazama kwenye mfereji wa mbao ya kwanza na msumari hauna pa kupita. Akiigeuza, mfereji unatazamana na mfereji, wala haishikani. Akaigeuza tena. Mwishowe akageuka yeye mwenyewe, akakaa upande wa pili wa mlango, labda kosa lilikuwa kwake. Wapi!

Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuja kusaidia na mpaka sasa amesaidia kunywa chai, akashauri arudishe kile kizingiti cha zamani kifiche aibu, watu wakapumzike. Mkewe akatokea jikoni, mikono imejaa povu.

"Kizingiti hicho ndicho kilichomvunja mama nyonga," alisema. "Mama haoni. Akijikwaa tena, tutazika."

Na mama alikuwa njiani, anatoka hospitali.

Maji yakamfika fundi shingoni, na ndipo akili ikarudi. Alipasua ukanda mwembamba wa mbao, akaupaka gundi, akaushindilia kwenye mfereji wa mbao ya kwanza, nusu yake ikabaki imechomoza nje. Pasipo na ulimi pakawa na ulimi. Mbao zikageuzwa, zikashikana, zikaingia chumbani mpaka ukutani. Alipitisha kiganja mlangoni asihisi hata mkwaruzo. Alifurahi, tena sana.

Mama mkwe aliletwa jioni. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye chuma cha kutembelea, kwa hiyo njia aliitafuta kwa miguu. Alikwenda polepole kwenye korido, akaingia chumbani, akasimama katikati. Unyayo wake ukaanza kupapasa mbele, kushoto, kulia.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Umeshaupita, mama," fundi akamjibu kwa adabu. "Uko chumbani kwako."

Mama mkwe aligeuza uso huku na huku.

"Nimeingia saa ngapi?" aliuliza. "Kizingiti ndicho kilichokuwa kikiniambia nimefika kwangu."

Mkewe alimtazama mumewe, shemeji akatazama dirisha. Fundi alitazama sakafu yake iliyonyooka, asijue kama amemjengea au amembomolea.