Tundu la Kumi na Moja

Njia ya nane ilikuwa tupu siku ile, na ingebaki tupu mpaka msimu uishe. Ndivyo walivyofanya pale kwenye uwanja wa kulenga shabaha kila mwenzao alipofariki: mkeka wake wa kulalia kifudifudi akilenga ulitandikwa kama kawaida, karatasi ya shabaha ikatundikwa upande wa pili, mita hamsini, na hakuna aliyeruhusiwa kulala hapo. Mwenye njia hiyo alikuwa mshonaji mmoja waliyembandika jina la Kimya, kwa kuwa kwenye mashindano hakufungua mdomo mpaka risasi ya mwisho itoke. Walikuwa wamemzika miezi miwili nyuma.

Fundi saa alilala njia ya saba, kando yake, kama alivyofanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Fundi," mwalimu wa hesabu alimwita kutoka njia ya sita, akihangaika kujifunga koti lake gumu la turubai, "leo umekuja kulenga au kutuuzia mikanda ya saa?"

"Nimekuja kukufundisha kujumlisha, mwalimu."

"Haya, nijumlishie mia sita."

"Mia tano themanini zinanitosha."

Mwalimu akaacha utani. Mia tano themanini ndiyo alama ya kuingia timu ya taifa, na kila mtu alijua kwamba kwa fundi hii ni mara ya mwisho. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na jicho la kulia lilianza kuwa na ukungu. Nyuma yake, kwenye benchi la watazamaji, binti yake alikuwa ameshika chupa ya maji na mkoba.

"Mama, ukipata tunakwenda kula. Ukikosa tunakwenda kula. Mimi sina hasara."

Fundi alitabasamu, akalaza shavu kwenye kitako cha bunduki.

Kulenga alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kilichong'oka jalada, na mkono wake ulikuwa umeshafundwa na saa. Mtu anayeweza kuchomeka skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga anajua kushika pumzi. Anajua pia kungoja moyo upige, halafu kufanya kazi katika ule utulivu mfupi kabla haujapiga tena. Kila alipofyatua, kabla ya kutazama kwenye darubini, aliandika kwenye daftari mahali alipoamini risasi imekwenda. Walengaji wote wazoefu wanajua hivyo. Risasi ikitoka, mwili umeshakuambia.

Karatasi zilikuwa sita, kila moja risasi kumi, na risasi ya katikati ilikuwa na alama kumi. Tatu za kwanza zilimpa mia mbili tisini na moja. Alikuwa anakwenda vizuri.

Kwenye karatasi ya nne, risasi ya sita, kidole kilivuta upesi mno. Aliandika: saba, chini kulia. Akatazama kwenye darubini na kuliona tundu palepale, chini kulia. Akaendelea. Baada ya risasi ya tisa alitazama tena, akahesabu matundu. Yalikuwa kumi.

Alihesabu mara ya pili, polepole, kama anavyohesabu meno ya gurudumu la saa. Kumi. Moja lilikuwa katikati kabisa ya duara, na yeye hakuliandika popote.

Alimaliza risasi yake ya kumi na kuinua mkono. Mwamuzi alikuja, akahesabu maganda kwenye mkeka wake, akairudisha karatasi kwa waya.

"Maganda kumi, matundu kumi na moja," alisema. Akawapitia wengine wote, kutoka njia ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Karatasi zao zilikuwa kamili. Hakuna aliyepoteza risasi. Akasimama kidogo kwenye njia ya nane, akautazama mkeka mtupu, akarudi.

"Fundi, unaweza kuniambia lipi si lako?"

Swali hilo aliwahi kuulizwa, miaka kumi na miwili nyuma, mahali hapohapo. Siku ile Kimya, katika risasi yake ya mwisho, alikosea njia: badala ya karatasi yake alipiga ya jirani yake, fundi. Ni kosa ambalo wanaolala bega kwa bega, mbele ya karatasi zinazofanana, hulifanya mara moja maishani. Risasi ilitua katikati. Fundi alikuwa amepiga saba na alijua amepiga saba. Mwamuzi alipomuuliza alijibu, "Sijui." Sheria inasema isipojulikana tundu ni la nani, mwenye karatasi anahesabiwa lililo bora. Fundi akaingia timu, akasafiri, akarudi na medali ya shaba. Picha yake na medali ndiyo iliyowaleta wateja dukani mpaka leo. Kimya, aliyezidiwa na fundi kwa alama moja tu, alibaki nyumbani, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo. Alikuja mazoezini kila wiki, akalala kando yake, na alimwita shoga kama zamani.

"Fundi?"

"Sijui," alisema.

Akapewa tisini na sita badala ya tisini na tatu.

Alipolala tena kwa karatasi ya tano, alisikia kushoto kwake sauti ndogo ya chuma, komeo la bunduki likirudishwa taratibu. Hakugeuka. Harufu ilimjia, ya ile dawa ya kuchua ambayo Kimya alijipaka shingoni. Alipopata ujasiri wa kutupa jicho, mkeka ulikuwa mtupu, ila umebonyea mahali pa viwiko viwili, na mabonyeo yale yalikuwa yanapanda na kushuka kidogo sana, kama ya mtu anayepumua.

Risasi yake ya tatu ilikwenda nane. Ya kumi ilipotoka, matundu yalikuwa kumi na moja, na lile la ziada lilikuwa katikati.

"Sijui," alisema tena, kabla mwamuzi hajauliza.

Jumla ikawa mia nne themanini na tatu. Alihitaji tisini na saba tu.

"Mama, uko sawa?" binti aliuliza. "Umepauka."

"Hebu nipe maji."

"Nani kajipaka dawa ya kuchua huku?"

Fundi alikunywa, akamrudishia chupa.

Katika karatasi ya sita mikono yake ilitulia kuliko ilivyowahi kutulia. Risasi tisa, na darubini ikamwonyesha matundu tisa, alama themanini na nane. Kushoto kulikuwa kimya. Lakini alijua anangojwa. Mtu wa njia ya nane alikuwa ameshika pumzi, tayari kumpa tena kile alichohitaji, na angempa mwakani, na kila mara atakaposema hajui. Tisa moja ingetosha. Tisa aliiweza hata kwa jicho bovu.

Akasogeza viwiko. Akageuza mtutu kidogo kushoto, mpaka namba ya juu ya karatasi ikasomeka nane. Moyo ukapiga, ukatulia. Akafyatua.

Mwamuzi alikuja mbio. "Fundi! Umepiga njia ya jirani!"

"Naona."

"Hiyo ni sifuri, mama yangu. Umekosea njia."

"Sijakosea. Na ile saba ya karatasi ya nne ni yangu. Nane ya karatasi ya tano pia ni yangu. Andika."

Mwalimu wa hesabu aliinuka kwa magoti kutazama. Mwamuzi aliivuta karatasi ya njia ya nane. Ilikuwa na tundu moja, kumi safi, na hakuna wa kuandikiwa.

Majina ya timu yalisomwa baada ya nusu saa. La fundi halikuwemo. Watu walimpa pole, wakafungasha, wakaondoka kwa makundi, mpaka akabaki yeye amekaa kwenye mkeka wake, bunduki imo mkobani, koti amelilaza mapajani. Binti alisimama mlangoni.

"Mama, twende. Unamngoja nani?"

Fundi aliinua kidole kumnyamazisha. Kushoto kwake mtu alikuwa anafungua vifungo vya koti la turubai, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Koti la Kimya lilikuwa na vifungo saba. Fundi alihesabu sita, akangoja cha saba.